Pipa lenye akili, na taka azoe nani?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Wiki hii nina barua kutoka Kahe, kule tambarare ya Moshi Vijijini. Walioiandika ni wanafunzi watano wa sekondari, wasichana watatu na wavulana wawili. Wameanza kwa adabu, "Shikamoo mtangazaji," kisha wakaingia moja kwa moja katika haja yao. Wanataka kutengeneza pipa la taka lenye akili: pipa linalojua kwamba limejaa, linaloweza kutenganisha plastiki na bati, na lenye kutoa taarifa bila ya mtu kwenda kuchungulia. Fedha hawana. Walicho nacho ni redio mbili mbovu, printa iliyokufa, betri kuukuu ya pikipiki na mapipa matupu yaliyotupwa nyuma ya godauni. Wanauliza kama jambo hili linawezekana, na kama linawezekana, waanzie wapi.

Marahaba, wanangu. Jambo hilo linawezekana. Mimi si mhandisi, nina stashahada ya uandishi wa habari tu, lakini miaka mingi ya kukaa karibu na mafundi mitambo wa redio imenifundisha kwamba kifaa chochote kinaeleweka iwapo utakifungua taratibu na kuuliza kila kipande kinafanya kazi gani. Leo basi tulifungue pipa hili mbele ya wasikilizaji wote, maana hata sisi wa mijini, tunaopita kila siku kando ya mapipa yanayofurika, tuna la kujifunza.

Pipa huitwa lenye akili kwa mambo matatu. La kwanza, lijue hali yake. La pili, limjulishe mtu. La tatu, mtu huyo afike. Mambo mawili ya mwanzo hutengenezwa mezani kwa waya na bisibisi. La tatu halitengenezwi mezani, na ndilo husahaulika. Nitayaeleza yote matatu, lakini nawaomba mshike hili la tatu tangu sasa.

Kwanza, kwa nini Kahe? Wasafiri wa zamani waliijua Kahe kama njia panda ya reli. Hapo ndipo reli ya Tanga kwenda Moshi ilipokutana na ile ya kutoka Voi kupitia Taveta, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini Kahe ni njia panda ya maji pia, na hiyo ni ya tangu na tangu. Maji ya Kilimanjaro hushuka kwa mito na kwa njia za chini ya ardhi, mengine yakaibuka katika chemchemi kama ile ya Miwaleni. Kutoka huko huingia katika mto Ruvu, huu wa Kilimanjaro na si ule wa mkoa wa Pwani, yakafika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakaufuata mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi.

Sasa fikiri, msikilizaji. Maji hayashuki peke yake. Chupa ya plastiki inayotupwa mtaroni huko juu leo, mvua ya masika ikipiga, itasafiri. Mto Rau hupita kando ya mji wa Moshi kabla ya kushuka katika mashamba ya tambarare. Mfereji wa kumwagilia mpunga ukizibwa na makopo ya maji na mifuko, maji hutuama, mbu hupata makazi, na mkulima wa chini hukosa zamu yake. Moshi mjini inasifika kwa usafi, na imewahi kushinda mashindano ya kitaifa ya usafi wa miji zaidi ya mara moja. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini mji ukiwa safi kwa kusukuma taka zake bondeni, usafi huo unalipiwa na mtu mwingine. Anayeishi chini ya mlima huwa wa kwanza kujua walichotupa walio juu.

Wazee wa mlimani walikuwa na utaratibu wao. Katika kihamba, maganda ya ndizi na migomba iliyokatwa hulishwa ng'ombe aliye zizini, samadi yake hurudi shambani kwenye mgomba, na mgomba hutoa ndizi nyingine. Hakuna kinachoitwa taka hapo. Tatizo liliingia pale vitu visivyoliwa na ng'ombe wala visivyooza vilipoanza kuingia nyumbani. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, wengi tulishukuru. Hata hivyo, makopo ya maji na soda hayakuwamo katika katazo lile. Hayo yanahitaji dawa yake.

Je, kutengeneza mtambo kwa vitu vilivyotupwa ni ndoto ya watoto? La hasha. Mwaka 2013, mjini Lomé nchini Togo, Kodjo Afate Gnikou na wenzake walitengeneza mashine ya kuchapa vitu vya plastiki vya pande tatu kwa kutumia vipande vya skana na printa chakavu. Gharama ilitajwa kuwa kiasi cha dola 100. Jirani zetu wa Arusha wanamfahamu Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyetengeneza chaja ya simu inayoendeshwa kwa kukanyaga pedali, kutokana na vipuri vilivyokwisha kutumika, na akaanzisha karakana ya Twende ambako vijana hufundishwa kubuni vyombo vyao wenyewe kwa vifaa vinavyopatikana hapa hapa. Na malighafi haipungui. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na kwamba kiasi cha asilimia 22 tu ndicho kilichokusanywa na kuchakatwa kwa njia inayoeleweka.

Haya, tuingie kazini.

Mwili wa pipa ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Pipa la mafuta la lita 200 likikatwa nusu hutoa mapipa mawili imara. Ndoo za rangi za lita 20 nazo hufaa kwa vyumba vya ndani, kwa sababu hunyanyulika na mtu mmoja. Toboeni matundu madogo chini ili maji ya mvua yatoke. Hapa nina onyo mbili. Pipa lililokuwa na mafuta lisikatwe kwa moto kabla ya kuoshwa vizuri na fundi anayejua, maana mvuke wa mafuta uliobaki ndani unaweza kulipuka. Na msitumie kabisa mapipa au madumu yaliyobeba dawa za mashambani. Huko kwenu kuna mashamba makubwa na madogo, na madumu hayo yamejaa tele. Sumu yake haiishi kwa kuoshwa na sabuni.

Sasa tuje kwenye akili yenyewe. Pipa hujuaje kwamba limejaa? Njia inayotumika sana ni ile ya popo. Popo hutoa sauti kali tusiyoisikia, akasikiliza mwangwi wake, akajua ukuta uko umbali gani. Kuna kihisio kidogo, kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya elektroniki, chenye macho mawili kama bundi. Jicho moja hutoa sauti ya mitetemo 40,000 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu huishia kiasi cha 20,000. Jicho la pili hungoja mwangwi. Kinafungwa chini ya kifuniko, kikitazama ndani ya pipa.

Hesabu yake ni ya kidato cha pili. Sauti husafiri kiasi cha meta 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi joto 20. Pipa likiwa tupu na kina chake ni sentimita 80, sauti huenda na kurudi, yaani sentimita 160, na huchukua karibu sehemu 5 za elfu moja za sekunde. Taka zikipanda mpaka zikabaki sentimita 20 kufika kwenye kifuniko, safari huwa sentimita 40 tu, na muda hupungua kufikia sehemu 1 na kidogo. Kompyuta ndogo ya bodi moja, kama ile ya Arduino iliyoanzishwa Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi, hupima muda huo na kuamua: tupu, nusu, limejaa.

Lakini angalieni. Kahe si Italia. Mchana wa nyuzi joto 35 sauti huenda kasi zaidi, kiasi cha meta 352 kwa sekunde. Pipa lenu litadhani kina chake ni sentimita 78 badala ya 80. Kosa ni dogo, lakini ni lenu, na mtalikuta kwa rula yenu wenyewe, halafu mtalisahihisha. Kadhalika, nguo na sponji humeza sauti, na mfuko uliolala upande huirusha kando, hivyo pipa hudanganyika. Dawa ni kupima mara 5, kuchukua jibu la katikati, na kungoja dakika chache kabla ya kupiga kelele kwamba pipa limejaa. Hata mwandishi wa habari hufanya hivyo: haamini shahidi mmoja.

Na kama kihisio hicho hakipatikani? Fungeni kijiti chepesi kwa bawaba ndani ya pipa, karibu na mdomo. Taka zikipanda, zinakisukuma, nacho kinavuta waya wa breki ya baiskeli, na nje ya pipa kibendera chekundu kinasimama. Halina umeme hata chembe, na msichana anayekwenda kisimani atakiona kibendera hicho toka mbali. Nawashauri mtengeneze yote mawili, hili la kibendera na lile la mwangwi, kisha mlinganishe lipi linasema kweli mara nyingi zaidi.

Sasa kutenganisha. Hapa ndipo redio mbovu inapopata maisha mapya. Toeni sumaku ya spika. Sumaku hushika kopo la chuma, lakini haishiki kopo la alumini, na alumini ndiyo yenye bei nzuri kwa wanunuzi wa skrepa. Kwa hiyo sumaku moja iliyofungwa kando ya mteremko wa taka imekwisha kutenga makundi mawili bila ya betri. Mkitaka kwenda mbele zaidi, koili ya waya wa shaba pamoja na kapasita hutoa mtetemo wa umeme wa namna moja. Chuma chochote kikisogea karibu, mtetemo hubadilika. Ndiyo ndugu wa kanuni unayoitumia unapozungusha kitufe cha redio kututafuta sisi. Bodi ndogo ikihesabu mtetemo huo, itajua kwamba kilichopita ni chuma au alumini, si plastiki.

Chupa ya kioo na ya plastiki hutengwa kwa uzito. Chupa tupu ya plastiki ya nusu lita haifiki gramu 50. Chupa ya soda ya kioo huzidi gramu 200. Bembea ndogo yenye springi ya kalamu au ya printa, ikiegemea upande mmoja ikilemewa, inatosha kuzipeleka kila moja chumba chake. Na plastiki nazo hazifanani. Tazameni kitako cha chupa ya maji, mtaona pembetatu yenye namba 1. Vifuniko vyake ni vya plastiki ya aina nyingine. Mkivikata vipande na kuvitia ndani ya ndoo ya maji, vipande vya chupa vitazama na vya vifuniko vitaelea. Ndoo ya maji nayo ni kihisio, tena cha bei rahisi kuliko vyote.

Nasema haya kwa makusudi. Vijana wengi wakisikia neno akili hufikiri lazima kuwe na taa zinazowaka na sauti ya kizungu ikisema asante. Mwalimu mzuri wa ufundi atawauliza kwanza: jambo hili linaweza kufanywa na sumaku, springi au maji? Likishindikana, ndipo mtafute umeme.

Umeme wenyewe sasa. Betri ya pikipiki ya volti 12, yenye uwezo wa ampea 5 kwa saa, ikiwa nzima, italisha bodi na kihisio vinavyokula kiasi cha ampea 0.05 kwa muda wa saa 100, na si vizuri kuikausha zaidi ya nusu. Hizo ni siku mbili tu. Lakini pipa halina haja ya kuwa macho wakati wote. Likiamka kila baada ya robo saa, likapima, likalala tena, betri hiyo hiyo itakwenda muda mrefu zaidi, na kipande kidogo cha sola kitaishikilia. Kifuniko cha kujifungua chenyewe, kinachoendeshwa na mota ya printa, hula umeme mwingi na huharibika mapema. Pedali ya mguu iliyounganishwa kwa waya wa breki hufanya kazi hiyo hiyo. Taarifa inaweza kutumwa kwa ujumbe wa simu, kwa kifaa chenye laini kama ya kitochi. Mjue tu kwamba kifaa hicho kikitafuta mnara huvuta umeme mwingi wa ghafla, hadi ampea 2, na betri dhaifu itazima kila kitu. Ujumbe mmoja kwa siku unatosha.

Kabla sijaendelea, wazazi na walimu wanisikilize. Taka za elektroniki zina hatari yake. Waya usichomwe moto ili kupata shaba, kwa kuwa moshi wa plastiki ile ni sumu. Televisheni ya kizamani yenye kioo cha mgongo mnene isifunguliwe na mwanafunzi, maana huweza kutunza maelfu ya volti hata ikiwa imezimwa, na kioo chake kina madini ya risasi. Betri za kompyuta ndogo za mapajani zikitobolewa, au zikichajiwa kupita volti 4.2 kwa kila seli, huweza kulipuka moto usiozimika kirahisi. Maji ya betri ya gari ni asidi. Ufundi ni mzuri, lakini macho ni mawili tu, na hayana duka la vipuri. Katika kila mtaa wa Moshi kuna fundi redio au fundi simu anayejua mambo haya kwa miaka. Mwombeni awe mwalimu wenu. Wengi wao hawana cheti ukutani, lakini mikono yao imesoma.

Sasa tumefika pale nilipoomba mpashike tangu mwanzo. Pipa limejua kuwa limejaa. Limetuma ujumbe. Nani anafika?

Mkumbuke enzi za soda ya chupa ya kioo pekee. Dukani hukuondoka na chupa mpaka uache nyingine au uweke rehani ya fedha. Mtoto aliyetumwa soda alikwenda na chupa tupu mkononi, na aliyeivunja alijua kitakachompata. Mitaro haikujaa chupa za soda miaka ile, kwa sababu kila chupa ilikuwa na bei na mtu wa kuidai. Ujerumani iliweka rehani ya senti 25 za Ulaya kwa chupa na makopo ya kutupwa tangu mwaka 2003, na watu huzirudisha dukani kwa magunia. Walikuwa wamegundua jambo ambalo mwenye duka wa Majengo na wa Pasua alilijua: chupa hurudi ikiwa kurudi kwake kunalipa.

Huku kwetu, wanaoifanya chupa ya plastiki irudi ni wale tunaowaita waokota makopo. Ni akina mama, wazee na vijana wenye viroba mgongoni, wanaouza kwa kilo. Tunawapita barabarani kama vile hatuwaoni, na wengine huwaita majina yasiyofaa. Ukweli ni kwamba wao ndio kihisio cha kwanza cha mji. Wanajua pipa lipi hujaa siku gani, sherehe ipi huacha makopo, mnunuzi yupi ana mizani ya kweli na yupi hupunja.

Hapo nina swali zito kwa vijana wa Kahe. Pipa lenu likiwa na kifuniko kinachojifunga, na chumba cha plastiki kilichotiwa kufuli, mama aliyekuwa akipita kila asubuhi kuokota makopo yake atapata nini? Mtakuwa mmetengeneza mtambo unaosifiwa na wageni, huku ukiwa umefunga mlango wa riziki ya jirani yenu. Tena yeye akiacha kupita, hakuna mwingine atakayekuja. Gari la halmashauri halifiki kila kitongoji kila siku. Pipa litajaa, litatuma ujumbe, litatuma tena, na inzi watakuwa ndio wa kwanza kuujibu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kabla ya kukata bati, mwekeni mwokota makopo katika timu yenu. Mpeni kiti mezani kama mwenzenu wa sita. Mwulizeni tundu liwe urefu gani ili asiiname, chumba kifunguke upande gani, na plastiki zitengwe vipi ili mnunuzi asimkate bei kwa uchafu. Ujumbe wa pipa uende kwenye kitochi chake. Taka mbichi, maganda na mabaki ya chakula, ambazo katika nyumba nyingi ndizo nyingi kuliko zote, ziwe na pipa lake la pembeni na ziende kwenye shimo la mboji, kwa sababu ugali ukichanganyika na makopo unaharibu vyote viwili. Halafu mwafikiane kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kwamba fedha za makopo ni za nani. Urafiki usio na maandishi huvunjika siku mizani inaposoma kilo nyingi.

Mizani, ndiyo. Nimekwisha kuisema mara kadhaa, na sababu ipo juu ya mlima wenu. Wapandaji wa Kilimanjaro na wapagazi wao wanatakiwa kushuka na taka walizozalisha, na taka hizo hupimwa kwa mizani. Kiongozi wa msafara anajua kwamba atadaiwa. Mizani ile haina programu ya kompyuta, lakini ina mtu anayeisoma na daftari linaloandikwa. Nanyi fanyeni hivyo. Mwezi mmoja kabla ya kuweka pipa, pimeni makopo yanayookotwa katika eneo mlilolichagua, siku kwa siku. Mwezi mmoja baada ya kuliweka, pimeni tena. Namba zikipanda, mna la kuonyesha. Zikishuka, mna la kutafuta, na hilo nalo ni sayansi. Kuna maonyesho ya wanasayansi chipukizi, Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa ili wanafunzi wa sekondari waonyeshe uchunguzi wa namna hii. Jaji mwenye busara atatazama daftari lenu kabla ya kutazama taa zenu.

Kuhusu kugawana kazi, msifanye kosa la vikundi vingi ambamo wavulana hushika waya na wasichana hushika kalamu. Kila mmoja alehemu, kila mmoja apime, kila mmoja azungumze na jirani. Mkifanya hivyo, hata mmoja wenu akihamishwa shule kesho, pipa halitakufa.

Nimalizie kwa wasikilizaji wa mijini, maana mazungumzo haya si ya Kahe peke yake. Ofisi zetu zina vyumba vilivyojaa printa na kompyuta zisizofanya kazi, zimefungiwa zikingoja kibali cha kutupwa, hadi panya wanazaliana humo. Shule za vijijini zinatafuta mota, waya na springi. Meneja anayesoma gazeti hili asubuhi ya leo anaweza kuanza taratibu za kuzitoa kabla ya wiki kwisha. Na wewe ambaye huna ofisi, usichanganye ganda la ndizi na chupa ya maji katika mfuko mmoja. Ukizitenga, mama mwenye kiroba ataokoa nusu saa ya jua kila siku, na chupa yako haitashuka na mto kwenda kuziba mfereji wa mtu usiyemjua.

Vijana wa Kahe, mkiandika tena, niandikieni kilo. Kwaherini.